Maswali ya Wasomaji: Nililala Saa Moja Tu, Mama Akaondoka

Mwezi huu barua nyingi zimezunguka kitu kimoja, hatia, yani ule mzigo unaokaa kifuani hata pale ambapo hakuna mtu anayekushtaki. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeisoma mara tatu na kila mara nikaiweka chini kwanza nikanywa maji, kwa hiyo ndo nimeijibu kwa urefu zaidi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni dada wa miaka 34, niko Morogoro. Mama aliugua kansa miaka miwili na mimi ndo nilikuwa namuuguza, kumgeuza, kumuogesha, dawa, kila kitu, ndugu zangu walikuwa wanatuma hela tu. Usiku ule daktari alisema ametulia, nikaenda kujinyoosha chumba cha pili, saa moja tu jamani, naamshwa mama keshakata roho. Huu mwaka wa pili. Kila mtu ananiambia usijilaumu, ulifanya yote, lakini hayo maneno hayaniingii, tena yananipa hasira. Kama sina kosa mbona hatia naisikia?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole, pole ya kuuguza na pole ya msiba, maana hizo ni pole mbili na watu wengi hutoa moja tu.

Nikwambie kisa cha kijana mmoja ambaye barua yako imenikumbusha mpaka nikashtuka. Alikuwa msomi wa sheria, umri unakaribia miaka 30, akaenda kwa daktari Sigmund Freud, yule aliyeanzisha kutibu nafsi kwa mazungumzo, pale Vienna, Austria, mtaa wa Berggasse nyumba namba 19, Oktoba 1907. Freud aliandika kesi yake mwaka 1909 na tangu hapo wasomi wanamwita Mtu wa Panya, kwa sababu ya stori ya mateso ya panya aliyoisikia jeshini ikamganda kichwani, lakini hao panya tuwaache leo. Ninachotaka ni usiku aliofariki baba yake. Kijana alimuuliza daktari hatari itaisha lini, akaambiwa kesho kutwa jioni, basi saa tano na nusu usiku akajilaza apumzike saa moja. Kuamka saa saba, anaambiwa baba kaondoka. Baadae nesi akamwambia kuwa zile siku za mwisho kuna wakati mzee alilitaja jina lake. Mwanzoni haikumsumbua sana, ikaja kulipuka baada ya kama mwaka mmoja na nusu, akawa anajiona mhalifu kabisa, kazi haziendi. Alikuwa na rafiki yake anayemfariji kila akizidiwa, anamwambia wewe ni mtu safi, huna kosa. Faraja inakaa kidogo, halafu inarudi ile ile. Unaona?

Sasa Freud hakumwambia huna kosa. Alichomwambia, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba hiyo hatia unayoisikia ni ya kweli na ina sababu yake, ila sababu yenyewe sio hii unayoitaja, iko sehemu nyingine ambayo wewe mwenyewe huijui. Yani barua ni halali, anuani ndo sio. Na walipozidi kuongea yakaanza kutoka. Alipokuwa na miaka 12 alimpenda kasichana fulani akawaza kwamba nikipatwa na msiba huyu atanionea huruma, na msiba uliomjia kichwani ulikuwa kifo cha baba. Miezi sita kabla baba hajafa wazo likarudi kivingine, baba akifa nitarithi nitaweza kumuoa nimpendaye. Na kijana mwenyewe alimpenda baba huyo kuliko mtu yeyote duniani. Ndo hapo penyewe: alimpenda kweli, na hilo wazo lilikuwa lake kweli.

Dada, usinielewe vibaya. Sisemi ulitaka mama afe. Nakuuliza tu kama ninavyomuuliza kila aliyewahi kuuguza mtu kwa muda mrefu, katika miaka miwili ile, kwenye usiku wa saa tisa umeamshwa mara ya nne na kesho kuna kazi, hukuwahi hata mara moja kusema moyoni "Mungu ampumzishe"? Tunasema hivyo wote na ni dua njema. Lakini ndani ya dua hiyo mara nyingi kuna nyingine ndogo haijasemwa, "na mimi nipumzike". Pengine kuna hasira pia, kwa ndugu waliotuma hela tu, na hata kwa mama mwenyewe kwa kuugua. Aliyeuguza atakuelewa, asiyeuguza atakushangaa, achana naye.

Yule kijana alikuwa na msemo wake ambao Freud aliuchukua ukawa maarufu, uwezo wote wa mawazo, yani kuamini ndani kwa ndani kwamba nikiwaza kitu kinatokea. Mtoto mdogo yuko hivyo, akimwambia mama "nakuchukia ufe" halafu mama akaumwa, anadhani ni yeye. Freud anasema sehemu hiyo ya nafsi haikui kwa sisi wote, huko chini kutamani na kutenda ni kitu kimoja, na ndo maana hakimu wa ndani anaweza kukuhukumu kwa mauaji wakati ulichofanya ni kuchoka. Halafu kwa kuwa hilo wazo huwezi kulitazama, hatia inajishika kwenye kitu kinachotazamika: ile saa moja ya usingizi.

Wanafalsafa nao wana la kusema hapa na mi nadhani wanamkamilisha Freud. Bernard Williams, Mwingereza, kwenye makala ya mwaka 1976 alimzungumzia dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila uzembe wowote, hakukimbiza, hakulewa, mtoto katokea tu. Tutamfariji, tutamwambia sio kosa lako, na tuna haki ya kumwambia hivyo. Lakini akisimama pale akasema "ah basi, sio kosa langu" akawasha gari, tutamuona ana kasoro. Kuna maumivu ya kuwa wewe ndo ulikuwa pale, mkono wako ndo uliohusika, ambayo hayangoji mahakama iseme una kosa. Kiswahili chetu kinatusaidia maana kosa, hatia na majuto ni maneno matatu tofauti. Watu wako wanakujibu kuhusu kosa, na wako sahihi. We unauliza kuhusu majuto, ndo maana unakasirika.

Nikuongezee mtu mmoja tu, Melanie Klein, mtabibu wa nafsi aliyefuata njia ya Freud, mama aliyezaliwa Vienna 1882 akafanya kazi yake kubwa London. Yeye alitenganisha hatia mbili. Ya kwanza ni ya woga, kuna mtu ataniadhibu, hiyo inakufanya ujifiche na ujitese. Ya pili ni huzuni kwa ajili ya yule uliyempenda, uliyemuumiza japo kwa wazo tu, na hiyo inataka kutengeneza, inataka kupanda kitu juu ya kaburi, kumalizia yale mama aliyoacha, kumlea mdogo wako. Nikisoma barua yako naona zote mbili zimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Ushauri wangu: tafuta mtu mmoja asiyekimbilia kukufariji, mshauri nasaha hospitalini au mtu mzima unayemwamini, umwambie ile sentensi usiyowahi kuisema. Iseme kwa sauti. Mara nyingi ikishasikika inaonekana ukubwa wake wa kweli, na ni mdogo kuliko vile ilivyokuwa gizani. Na kama hulali au huli, hospitali kwanza, mazungumzo ya falsafa baadae.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Mombasa, nina mke na namheshimu. Mara tatu sasa nimeota niko na mke wa rafiki yangu, naamka nimetota jasho. Imamu kanambia usingizini hakuna hesabu. Lakini nasikia Freud anasema ndoto ni matamanio ya mtu mwenyewe. Nimfuate nani?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Mfuate imamu wako kwenye hesabu, na umsikilize Freud kwenye jambo jingine, maana hawabishani hata kidogo, wanajibu maswali mawili.

Imamu amekukumbusha hadithi ya Mtume inayojulikana, kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyerukwa na akili mpaka zimrudie. Kwa hiyo hukuzini, yakaisha. Na swali lako si geni. Askofu Augustino wa Hippo, mji uliopo Algeria ya leo, aliliuliza kwenye kitabu cha 10 cha Maungamo yake karne 16 zilizopita: Bwana, hivi nikilala ninakuwa sio mimi? Maana macho akiwa wazi alikuwa anakataa kabisa yale ambayo ndotoni alikuwa anayakubali. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kabla yake, kwenye kitabu cha 9 cha Jamhuri, alisema wazi kwamba kuna matamanio yasiyo na sheria ndani ya karibu kila mtu, hata yule anayeonekana mtulivu, na yanaamka pale akili inapolala.

Freud aliandika kurasa chache juu ya hili mwaka 1925 na jibu lake ni la mtu aliyechoka na visingizio: bila shaka uwajibike kwa ndoto zako mbaya, kama hazikuletwa na pepo wa nje basi ni za nani? Ni sehemu yako. Ukisema "hii sio mimi, ni kitu tu kilichomo ndani yangu", hicho kitu hakiondoki kwa kukataliwa, kitajitokeza kwenye matendo yako ya mchana na wenzio watakiona kabla yako. Ila hapo hapo akasema mambo ya hukumu anawaachia watu wa sheria, wao kwa faida ya jamii wanamuwajibisha yule mtu wa juu tu, anayejijua na kuamua. Hapo ndo anakutana na imamu wako. Ndoto haikuhukumu lakini ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Uwajibike vipi sasa? Sio kwenda kumuungamia rafiki yako, tafadhali, utaharibu nyumba mbili kwa kitu ambacho hakijatokea. Na usichukue ndoto kama ilivyo, kwa Freud kinachoonekana ndotoni ni nguo tu, mwenye nguo yuko nyuma yake. Jiulize huyo rafiki ana nini ambacho unakitaka. Pengine sio mkewe kabisa, ni ile heshima anayopewa nyumbani kwake, au namna anavyochekewa akirudi kazini.

SWALI: Mwalimu, nasoma falsafa mwaka wa 2, Dar. Tumeambiwa kwa Freud dhamiri ni sauti ya wazazi iliyobaki kichwani. Kama ni hivyo si maadili yote yameanguka? Kwa nini nitii sauti ya baba yangu aliyekuwa mkali bila sababu?

JIBU: Swali zuri mwanangu, tulianze na lugha kwanza. Hayo maneno ya Kilatini mnayokaririshwa, ego na supaego, yaliletwa na watafsiri wa Kiingereza, hasa James Strachey. Freud mwenyewe mwaka 1923 alitumia Kijerumani cha kila siku: Hicho, Mimi, na Mimi wa Juu. Yani nafsi ina kitu kisicho na jina, ina mimi ninayejaribu kuishi, na ina mimi mwingine amekaa juu ananiangalia. Na sisi ukitusikiliza tulishalisema hilo siku nyingi, tunasema dhamiri inamsuta. Dhamiri ni neno la Kiarabu na asili yake ni kitu kilichofichwa ndani. Kusuta, mtu wa pwani anajua kusutwa ni nini, watu wanakuja mpaka mlangoni na ngoma wanakutolea uongo wako hadharani. Sasa fikiria msutaji ambaye hana haja ya kuja mlangoni, yumo ndani, na anajua mpaka yale uliyoyawaza.

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1788 aliandika kwamba vitu viwili vinamjaza mshangao, mbingu zenye nyota juu yake na sheria ya maadili ndani yake. Freud akajibu kwamba nyota kweli ni nzuri ajabu, ila kwenye dhamiri kazi imefanyika kwa kulipua, watu wengi wamepewa kidogo mno. Na mwaka 1924 alisema ile amri ya Kant isiyo na masharti, yani fanya lililo sahihi bila kuangalia unataka nini, ni mrithi wa moja kwa moja wa vita vya mtoto na wazazi wake. Kwa hiyo profesa wenu hajawadanganya.

Lakini wewe umeruka hatua. Mahali kitu kilipotoka ni jambo moja, ukweli wake ni jambo jingine. Jedwali la kuzidisha wengi tulifundishwa kwa fimbo, na bado 7 mara 8 ni 56, fimbo haikuifanya iwe kweli na haikuifanya iwe uongo. Baba aliyekwambia usiibe kwa mkanda mkononi alikukosea kwa mkanda, hakukukosea kwa kukukataza kuiba.

Kinachoanguka ni kitu kingine, na kwangu mimi hapa ndo Freud ana thamani kubwa kwa mtu wa falsafa. Mwaka 1930 alionyesha kwamba dhamiri inawabana zaidi wale wema, anayejinyima sana ndo anasutwa sana, na tapeli analala usingizi mzito. Sasa hakimu anayempa adhabu kubwa mwenye kosa dogo, utamwamini kwenye kiasi cha adhabu? Kwa hiyo ukali wa sauti usiuchukue kama kipimo cha ukubwa wa kosa. Isikilize inasema nini, halafu upime mwenyewe kwa akili yako kama Kant alivyotaka. Na usidhani woga wa baba ndo mzizi pekee. Donald Winnicott, daktari wa watoto London, mwaka 1963 alieleza namna mtoto anavyoanza kujali: anauma, anapiga, anamchosha mama, na mama anabaki pale pale, halipizi, mpaka siku moja mtoto anagundua kuwa huyu ninayemuuma ndo yule yule ninayempenda, na anataka kumpa kitu. Hapo hajatishwa na mtu.

SWALI: Habari yako Mwalimu. Mimi ni fundi wa simu hapa Nairobi. Wanasema mtu hujidanganya mwenyewe, lakini ukweli unaujua ama huujui, utajificha aje kwako wewe mwenyewe? Na Freud si walishaonyesha si sayansi?

JIBU: Njema kaka. La mwisho kwanza, haraka. Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, alisema nadharia isiyoweza kupatikana na kosa lolote sio sayansi, na ya Freud akaiweka humo, mwenzake Adolf Grünbaum mwaka 1984 akasema hapana, inaweza kupimwa, na ikipimwa ushahidi wa yale mgonjwa anayosema amelala kwenye kochi la daktari hautoshi. Mi nadhani Grünbaum alikuwa na hoja nzito, na yale Freud aliyosema kuhusu wanawake siyatetei hata kidogo. Ninachokibakiza ni picha yake ya nafsi iliyogawanyika, na hiyo ndo unayoiuliza.

Pingamizi lako ni la Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1943. Freud anaweka mlinzi mlangoni anayezuia mawazo mabaya yasipande juu. Sartre akauliza, huyo mlinzi anamjuaje wa kumzuia? Lazima amtambue kwanza. Basi kuna mtu ndani yako anayejua, na huyo ni wewe, kwa hiyo hujidanganyi, unajifanya tu. Ni hoja kali na miaka mingi ilinishinda.

Kilichonisogeza ni kisa kidogo ambacho Freud alikiweka chini ya ukurasa kwenye ile kesi ya Mtu wa Panya, na mwaka 1982 mwanafalsafa wa Marekani Donald Davidson akakichukua akajenga makala nzima juu yake. Mtu anatembea bustani ya Schönbrunn, Vienna, anajikwaa kwenye tawi. Anawaza litaumiza wengine, analitupa kwenye ua wa miti pembeni. Yuko kwenye tramu anarudi nyumbani, anaanza kuwaza, pengine pale kwenye ua limechomoza, litamchoma mtu. Anashuka kwenye tramu, anarudi mpaka bustanini, analitoa tawi na kulirudisha njiani pale pale alipojikwaa.

Davidson anasema angalia vizuri, kila hatua ina sababu yake. Sababu ya kurudi ipo, ila alishapima akaona haitoshi, kila mtu anaona kwamba njiani ndo hatari zaidi, na bado ile sababu ndogo ikamsukuma mpaka ikapindua uamuzi wake mwenyewe. Kwa Davidson hilo haliwezekani kama akili ni chumba kimoja. Ni lazima kuwe na sehemu mbili, kila moja ina mambo yake yanayoshikana, na kitu cha upande mmoja kinausukuma upande wa pili bila kuushawishi kwa hoja. Hahitaji mlinzi anayejua yote, anahitaji ukuta tu, na ukuta haujui kitu.

Freud kwa upande wake alikwenda mbali zaidi. Kwake tendo la kwanza lilikuwa la huruma, la pili lilikuwa la uadui, mtu anataka mpita njia aanguke, ila tendo la pili limevaa nguo za la kwanza. Na huyo bwana aliposhuka kwenye tramu ile hakuwa anaigiza mbele ya mtu yeyote. Alikuwa anarudi kwa haraka, kwa wasiwasi wa kweli, ili asiumie mtu.